Kipimajoto cha kidijitali cha kwapani, nyota 4

Kinauzwa duka la dawa hapa mtaani, kile cha plastiki chenye ncha laini inayokunja, na kinafanya kazi vizuri kwa kweli, unaweka kwapani unabana mkono unasubiri kinalia tiii basi. Ila jamani msishtuke namba zikibadilika! Mwanangu asubuhi anasoma 36.3 jioni 37.1 na mzima kabisa anakimbia tu, mwili ndo ulivyo, alfajiri joto linashuka jioni linapanda, na kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni. Ile 37 aliyoandika daktari Mjerumani Wunderlich 1868 ni wastani tu. Kichanga akifika 38 mpelekeni hospitali fasta. Kioo hakina taa, usiku lazima tochi ya simu, hapo ndo nimekata nyota.