Ibada ya Jumapili asubuhi, Kanisa la Kilutheri Azania Front

Ukishuka Posta, Dar es Salaam, elekea upande wa bahari. Mnara na paa la vigae vyekundu utaviona mwenyewe. Jengo ni kazi ya wamisionari wa Kijerumani, lilianza 1898, ila waimbaji ni sisi.

Mimi nauza mitumba. Wiki nzima koo langu ni la "buku, buku, chagua uchukue!" Jumapili koo hilohilo linaimba besi, na ndipo najisikia nimeumbwa kwa kazi fulani. "Mtumikieni Bwana kwa furaha, njoni mbele zake kwa kuimba," Zaburi 100. Mahubiri mazuri, lakini mimi hushibia kwenye nyimbo. Kuhusu urefu wa matangazo, Walutheri tunajijua.

Wahi, na uje na kitabu chako cha nyimbo.