Skii za fristaili za miaka ya 70 na 80: ya kuvaa na ya kutundika ukutani

Karibuni sana, watazamaji. Leo mezani kuna skii za zamani za fristaili, yaani mbao za kutelezea kwenye theluji kwa sarakasi na mbwembwe, zile nyembamba zenye rangi za kuwaka, za kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa mlioko Colorado, Minnesota, Ontario au karibu na Alpi, hizi mnazikuta kwenye maduka ya mitumba, kwenye gereji za watu wanaohama, na mtandaoni. Na swali huwa moja: bado zinavalika, au ni pambo tu?

Jibu nalitoa mapema. Ubao wenyewe mara nyingi bado ni mzima. Kifungio chake, kile kinachoshika buti kwenye ubao, usikiamini. Buti la enzi hizo usilivae kabisa. Sasa twende taratibu tuone kwa nini.

Tuanze na kazi zilizotengenezewa, kwa sababu usipojua kazi yake hutajua uikague wapi. Stein Eriksen wa Norway, aliyetwaa dhahabu ya slalomu kubwa, mbio za kushuka ukikata kona kati ya milingoti, kwenye Olimpiki ya Oslo 1952, alihamia Marekani akawa anapiga sarakasi na skii miguuni mbele ya wageni, wakati ambapo mafunzo ya kawaida yalikuwa ya kuteleza kwa nidhamu na kwa mtindo mmoja. Vijana wakaupenda mchezo huo. Mwaka 1971 Waterville Valley, kule New Hampshire, ikaandaa mashindano ya kulipwa, na katika miaka hiyo majina kama Wayne Wong wa Vancouver na Suzy Chaffee wa Marekani yakavuma. Fristaili ikawa na matawi matatu: matuta, yaani kushuka mteremko wenye vilima vidogo vya theluji; kuruka, yaani kupinduka hewani; na baleti, yaani kucheza kwa muziki skii zikiwa miguuni. FIS, shirikisho la kimataifa la skii, liliitambua rasmi mwaka 1979. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Tignes, Ufaransa, mwaka 1986. Kwenye Olimpiki ya Calgary 1988 matawi yote matatu yalionyeshwa bila medali. Albertville 1992 matuta yakapata medali. Lillehammer 1994 ikawa zamu ya kuruka, na Lina Cheryazova wa Uzbekistan akaondoka na dhahabu. Baleti haikupata nafasi hiyo hata mara moja, na ilipofika 2000 FIS ilikuwa imeshaiacha. Mimi hilo naliona hasara kubwa, na nitarudi kwake.

Chukueni hii ya matuta kwanza. Katikati, pale mguu unapokaa, ina milimita 65 hadi 70 hivi. Mbele inapanuka kidogo, 85 au 90, na nyuma inarudi kwenye 75 au 80. Ukiitazama kwa juu inakaribia kunyooka kama rula. Maana yake ni kwamba haijipindi yenyewe. Skii ya leo ukiilaza ubavu tu inakata kona, hii utaisubiri mpaka ufike chini ya mlima. Lakini kwenye matuta wembamba huo ni faida, kwa sababu unahamisha uzito kutoka ubavu mmoja hadi mwingine haraka, na skii mbili zinakaa pamoja bila kugongana. Ndiyo maana hata leo skii za mashindano ya matuta zimebaki nyembamba, wakati nyingine nyingi zimenenepa.

Siri yake ya pili ni ulaini wa mbele. Skii ya mbio ilikuwa ngumu ili itulie kwenye mwendo kasi. Ya matuta ililainishwa ncha ili inapogonga tuta linalofuata ijikunje na kulipanda, isikurushe nyuma. Kampuni ya K2 kule kisiwa cha Vashon, jimbo la Washington, ilipata sifa kwa kuviringisha faiba, nyuzi za kioo, kuzunguka kiini cha mbao, na faiba hiyo ndiyo iliyowezesha skii kuwa laini bila kuvunjika ovyo. Upande wa mashariki kulikuwa na kampuni ya Olin, Middletown, Connecticut, ambao skii yao ya Mark IV bado inatafutwa sana na wakusanyaji.

Sasa ukaguzi. Ukiwa dukani huhitaji kifaa chochote zaidi ya mikono na sarafu moja.

Bandika skii mbili tumbo kwa tumbo, kisha zitazame kwa ubavu. Mnaona hapa? Zinagusana karibu na ncha na karibu na mkia, katikati kuna uwazi. Uwazi huo ndio uhai wa skii. Zikamate katikati kwa mkono mmoja ubane: skii ya matuta inafunga bila kukupa kazi kubwa, na ukiachia inarudi palepale. Kama uwazi haupo kabla hata hujabana, skii imekufa, usiinunue kwa kuivaa. Kama mojawapo imepinda zaidi ya mwenzake, au ncha zinaachana upande mmoja kwa sababu ubao umejinyonga, nayo iache. Hakuna fundi atakayekurudishia upinde huo.

Kisha gonga kwa sarafu kuanzia ncha hadi mkia, huku umetega sikio. Sauti kavu, ya juu, ni nzuri. Ikibadilika ghafla ikawa butu, tabaka zimeachana hapo ndani. Mkia ndio huanza, kwa sababu skii hizi zimesimamishwa kwa mkia miaka nenda miaka rudi kwenye sakafu yenye unyevu. Pitisha ukucha kwenye mshono: ukiingia, maji nayo yaliingia. Uachano wa sentimita mbili tatu unatengenezeka. Fungua mdomo wake kidogo kwa kisu chembamba, acha pakauke kabisa kwa siku kadhaa ndani ya nyumba, sukumiza epoksi ya kukauka taratibu hadi ndani, weka karatasi ya nta juu na chini, halafu vipande vya mbao, ndipo ubane kwa klampu. Usikaze kwa nguvu zote. Ukikaza mno gundi yote inatoka nje na mshono unabaki mkavu. Acha saa 24. Uachano ulio chini ya mguu, pale skrubu zinaposhika, ni habari nyingine: hiyo itundike ukutani.

Hapa kwenye ukingo wa chuma nataka msogee karibu, maana watu wengi hutupa skii nzima kwa kutojua. Mnaona mistari hii midogo inayokata ukingo, imepangana kwa umbali sawa kuanzia mbele hadi nyuma? Hiyo si nyufa za ajali. Ukingo ulikatwa makusudi kiwandani, kwa sababu ukingo wa kipande kimoja unaongeza ugumu, na ukikatwa vipande unaacha skii ijikunje kwenye bonde la matuta. Ajali inajulikana: ni ufa mmoja, uko peke yake, karibu yake kuna kibonyeo, na ukipitisha kidole mdomo mmoja umenyanyuka. Kutu ya juu juu haina shida, tupa ya kusugulia chuma na msasa vinaiondoa. Kutu iliyovimbisha ukingo ukaachana na ubao, hiyo imeshaingia ndani.

Tumbo likiwa jeupe jeupe limekauka tu kwa kukosa nta. Lipige pasi na nta laini mara tatu nne, ukikwangua kila mara. Pasi isisimame mahali pamoja, na ikitoa moshi ni moto mno. Weka kiganja upande wa juu wa skii: ukihisi joto limevuka, pumzika, kwa sababu gundi ya miaka 40 haipendi joto. Na msikubali duka liipitishe kwenye mashine ya kusaga ili tu ipendeze. Ukingo wake ulikuwa mwembamba tangu mwanzo na kila msago unaumaliza. Jaza mikwaruzo mikubwa kwa mshumaa wa plastiki, sawazisha kwa mkono, basi.

Tuje kwenye vifungio, na hapa sina masihara. Hiki mnachokiona kina umri wa buti lake, na vyote viwili ni hatari. Plastiki ya mabuti ya zamani, ile poliurethani, inaoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kama buti halikuvaliwa siku moja. Linang'aa dukani, halafu linapasuka vipande kwenye baridi, mtu akiwa katikati ya mlima. Mabuti ya Hanson yanayofungukia nyuma ni mazuri ajabu kwa macho. Yaweke kabatini.

Kifungio nacho: springi imechoka, grisi imekauka, na plastiki ya kushika kisigino inakwaruzika kwa ukucha, tazameni unga huu. Kinaweza kukuachia pasipostahili, au kikakushikilia wakati goti linaomba kuachiwa. Tena vingi vilibuniwa kabla soli za mabuti hazijafuata kipimo kimoja cha ISO 5355, kwa hiyo buti lako la leo linaweza kuingia na kubofya vizuri lakini likashindwa kutoka. Na duka halitakusaidia kukirekebisha. Amerika Kaskazini kila mtengenezaji hutoa orodha ya vifungio anavyovisimamia, na kisichomo mafundi hawakigusi. Skii za kale zaidi hazina hata breki ya kuizuia skii iliyotoka mguuni, zina kamba ya kufungia mguuni. Ukianguka, skii inabaki inazunguka na kukupiga.

Kwa hiyo unang'oa, unafunga kipya. Breki ya milimita 85 inatosha kwa upana huu. Ziba matundu ya zamani kwa vizibo na epoksi, kata vilingane na uso. Tundu jipya lisikaribie la zamani kwa chini ya sentimita moja, katikati hadi katikati. Kama mpangilio unagongana, sogeza kifungio kidogo mbele au nyuma kuliko kulazimisha. Kutafuta mahali pa buti kama alama imefutika: pima mstari ulionyooka kutoka ncha hadi mkia, gawa kwa mbili, na pale katikati ndipo pua ya buti ilipokaa kwa desturi ya miaka hiyo.

Toboa kwa biti ya milimita 3.5, au 4.1 kama kuna tabaka la chuma, na kina kisizidi milimita 9.5. Pima kwanza unene wa skii yako chini ya mguu. Toboa tundu moja tu kisha simama utazame kinachotoka. Nyuzinyuzi na vipande vya mbao, endelea kwa amani, tia tone la gundi ya mbao kila tundu. Ukipata unga mkavu wa njano, kiini ni povu, na povu halishiki skrubu. Kinachoshika ni tabaka la juu peke yake. Hapo tumia epoksi, na uivae kwa upole au usiivae. Kaza kwa bisibisi ya mkono yenye ncha ya msalaba aina ya Pozidriv namba 3, siyo kwa mashine, maana mashine inavua meno ya tundu kabla hujashtuka. Baadaye peleka kwa fundi akupimie nguvu ambayo kifungio kitaachia buti kulingana na uzito, kimo, umri na urefu wa soli yako.

Ya baleti sasa. Hii ni fupi kuliko ya matuta, mara nyingi chini ya kimo cha mwenyewe, na kifungio kinakaa mbele zaidi kwa sababu nusu ya mchezo ni kuteleza kinyumenyume. Guseni ukingo huu karibu na ncha na mkia: umefanywa butu makusudi, ili ukizungusha usinase. Ukiunoa kwa mazoea umeiharibu. Fimbo zake ni ndefu na nene, kwa kuwa mchezaji aliziegemea kwa uzito wake wote akapindukia juu yake, muziki ukiendelea. Ukikuta skii ya baleti pamoja na fimbo zake, usizitenganishe.

Na mkia wake ulioinuka ndio unaonifanya niipende. Watu wanasema skii za ncha mbili, zile ambazo mkia nao umeinuka kama ncha, zilianza na Teneighty ya Salomon mwaka 1998. Mwaka huohuo kwenye Olimpiki ya Nagano, ambayo sisi tunaikumbuka kwa Philip Boit wa Kenya kwenye mbio za skii za kilomita 10, Jonny Moseley alishinda matuta kwa kuzunguka digrii 360 hewani huku ameshika skii, na vijana wakataka vifaa vya kutua kinyumenyume. Ni kweli soko lililipuka hapo. Lakini Olin Mark IV Comp ilikuwa na mkia ulioinuliwa tangu 1974.

Za kuruka nitazisema kwa ufupi: msizirukie. Viwanja vingi vya Marekani vilipiga marufuku kupinduka hewani baada ya watu kupooza katika miaka ya 70, na wachezaji wa leo hujifunza kwanza kwa kutua majini. Skii kuukuu ukiitua na uzito wote nyuma inaweza kukatika mkiani. Mruko mdogo wa kutanua miguu unatosha kabisa kuonja enzi hizo.

Mkiziingia kwenye matuta, chagueni siku ya machipuko, theluji imelainika. Miguu pamoja, mikono mbele, fimbo inagusa kabla ya kona. Magoti yanakunjwa tuta linapokuja na kunyooshwa upande wa pili, ili ncha isiache kugusa theluji. Kwenye barafu ngumu zitatetemeka, kwenye theluji nyingi mpya zitazama, kwa hiyo zisiwe skii zako pekee. Mkishuka mara ya kwanza, kabla ya kupanda tena, vueni skii mkague kila skrubu kwa bisibisi. Iliyozunguka hata robo, siku hiyo imeishia hapo. Irudi mezani ikatiwe epoksi upya.