Kinundu Kigumu na Kivuli cha Ukungu Kwenye CT ya Mapafu

Kwenye CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande, tofauti ya kwanza itafute kwenye mishipa ya damu. Kinundu kigumu, yaani doa dogo jeupe zito, huifunika kabisa. Kivuli cha ukungu ni cheupe hafifu, na mishipa huonekana ikipita ndani yake, kama kitu kilicho nyuma ya kioo chenye mvuke.

Kigumu kilicho chini ya milimita 6, kwa mtu mzima asiye na saratani wala hatari kubwa ya kuipata, kwa kawaida hakifuatiliwi. Mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani. Cha milimita 6 hadi 8, CT hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi 8, hufikiriwa CT baada ya miezi 3, PET (picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi) au kuchukua kipande kidogo cha kinundu ili kipimwe.

Ukungu hudai subira zaidi. Nimonia huweza kuuleta kisha ukatoweka, ila usiotoweka huenda ni saratani inayokua polepole. Wa milimita 6 na zaidi hufuatiliwa hadi miaka 5. PET safi isikutulize hapa, kwani ukungu huweza kuipita bila kuonekana. Sehemu ngumu ikijitokeza ndani yake, hali imebadilika.

Uliza pia unene wa vipande vya picha: vikiwa vya milimita 5, kinundu kidogo kigumu huweza kuonekana kama ukungu.