Moto juu, moto chini: uzoefu wangu na oveni ya Kiholanzi milimani Utah

Sufuria lenyewe ni la kampuni ya Lodge, la inchi 12, linachukua karibu lita tano na nusu. Ni chuma cha kusubu kitupu, na likiwa halina kitu ndani lina uzito wa kilo 9 hivi. Huku Marekani wanaliita Dutch oven, yaani oveni ya Kiholanzi. Chini lina miguu mitatu mifupi, kana kwamba limekuja na mafiga yake, na kifuniko chake ni bapa, chenye ukingo ulioinuka pembeni kama sinia. Siku ninalinunua nilifikiri ule ukingo ni urembo tu.

Natoka Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita Salt Lake City. Hapa sufuria hili lina heshima yake. Mwaka 1997 jimbo la Utah lililitangaza kuwa chombo rasmi cha kupikia cha jimbo, na wazee wa hapa hukusimulia walowezi walioingia bonde hili mwaka 1847 na mikokoteni ya ng'ombe, wakipika njiani kwa vyungu vya chuma. Kazini kwetu kila kiangazi watu hupanda Milima ya Uinta kulala kwenye mahema, na kila familia hupika chungu chake. Mwaka jana nikasema na mimi nitapika, tena nitapika cha kwetu: mkate wa kumimina.

Mchele niliuloweka usiku kucha, asubuhi nikausaga na tui la kopo, sukari, hiliki na hamira, nikautia kwenye mtungi, mtungi nikauweka kwenye barafu. Kambi yetu ilikuwa karibu na Mirror Lake, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,000. Sikujua kwamba hewa ikiwa nyepesi hamira huumuka haraka. Nilipoutoa mtungi kwenye barafu nikauweka juani, nusu saa haikufika ukafurika. Nikaharakisha. Kuni za msonobari zilikuwa zinawaka vizuri, nikabandika sufuria juu ya mwali, nikapaka mafuta, nikamimina, nikafunika. Baada ya dakika 10 nikasikia harufu ya kuungua. Nilipofunua, chini ulikuwa mkaa, juu uji mtupu.

Mzee mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa anaangalia kutoka kwenye moto wake. Alikuja taratibu na koleo, akaliondoa sufuria langu motoni, akaniambia chombo hiki hakipikiwi mwali, kinapikiwa makaa. Kisha akachukua makaa mekundu moja moja, akayapanga juu ya kifuniko cha sufuria lake, yakakaa ndani ya ule ukingo bila hata moja kudondoka.

Hapo nilisimama kimya, maana nilimwona bibi yangu wa Pangani. Bibi alikuwa haondoki jikoni wali ukikauka maji. Alikuwa anapunguza moto chini, anafunika sufuria kwa bati, kisha anapalia, makaa juu ya kifuniko, makaa kidogo chini. Nilikua nikiliona jambo hilo kila siku. Kisha nikahamia mjini, nikazoea gesi, halafu jiko la umeme, na kupalia kukanitoka kichwani kabisa. Sasa nimekuja kufundishwa tena na mtu wa Utah, kwa sufuria lililotengenezwa Tennessee.

Usiku ule nilimpigia mama kumwambia mkate umeharibika.

"Ulipalia?" aliniuliza.

"Sikupalia, mama. Niliubandika tu motoni."

"Sasa mwanangu, mkate wa kumimina usipoupalia juu utaivaje?"

Niliporudi nyumbani nilijizoeza uani mwezi mzima kabla ya kurudi mlimani, na hapa ndipo wapishi wa huku wamenisaidia sana, kwa sababu wao wanahesabu. Wanatumia briketi, mkaa ulioshindiliwa ukawa vidonge vya ukubwa mmoja, na kanuni yao ni nyepesi: chukua inchi za sufuria lako, toa tatu kwa moto wa chini, ongeza tatu kwa moto wa juu. La inchi 12 linapata vidonge 9 chini na 15 juu, na ndani unapata joto la kama nyuzi 175 za Selsiasi. Upepo ukivuma hesabu inabadilika, na vidonge huanza kuisha nguvu baada ya dakika 40 au 50, lakini kwa anayeanza, kuwa na namba ya kushika ni afueni kubwa. Bibi hakuhesabu, alijua kwa mkono na pua. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshasahau.

Kwa mkate wa kumimina nimeibadilisha kidogo kanuni hiyo. Chini naweka vidonge 7 tu, tena kwa duara pembezoni, katikati pakiwa patupu, kwa sababu pale katikati ndipo ulipoungua ule wa kwanza. Sufuria likishapata moto napaka mafuta, namimina, nafunika bila makaa juu. Baada ya dakika kama 8 nachungulia: uso wa mkate unaanza kutoa vitundu vidogovidogo, kimoja baada ya kingine, kuanzia pembeni kwenda katikati. Vikifika katikati, napalia vidonge 16. Kila dakika 10 nalizungusha sufuria robo upande mmoja, kifuniko robo upande mwingine, ili kama kuna kaa kali lisikae mahali pamoja. Kisha nangoja harufu. Hiliki hutangulia, na sukari ikianza kushika rangi harufu inabadilika, inakuwa nzito kidogo. Hapo sihitaji saa.

Kufunua nako kuna adabu yake. Mara ya pili nilikiinua kifuniko kimelala upande, majivu yote yakashukia mkate uliokuwa umeiva vizuri kabisa. Nunueni kulabu ya kunyanyulia kifuniko, msitegemee kitambaa wala koleo la nyama. Unainua wima, unasogeza pembeni, ndipo unaweka chini.

Agosti tulipopanda tena, mkate ulitoka. Ulikuwa wa kahawia juu, ukingoni umeachana na chuma wenyewe, ukibonyeza unarudi. Yule mzee alikula vipande vitatu akauliza kama ni keki ya mchele. Nikamwambia ni mkate, na tunaupalia vilevile kama yeye anavyopalia.

Kwa wali wa nazi sijaona chombo kinacholishinda. Chuma kizito hakishtuki moto ukipanda au kushuka, na ukoko unatoka mkavu, wa rangi moja, unaung'oa kama karatasi. Maharage ni hadithi nyingine. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi, na kifuniko hata kiwe kizito vipi hakifungi mvuke kama sufuria la presha. Niliyabandika saa nane mchana, saa mbili usiku bado yanagongana. Siku hizi nayachemsha nyumbani kwanza, kule juu naunga tu.

Kosa lililoniuma zaidi ni la ukwaju. Nilipika mchuzi wa samaki wenye ukwaju mwingi, ukabaki, nikauacha humo hadi asubuhi. Uchachu uliila ile ngozi nyeusi ya mafuta inayolinda chuma, mchuzi ukawa na ladha ya msumari, na nilipoosha nikakuta kutu mahali pakubwa kama kiganja. Nilisugua kwa steelwool mpaka chuma kikawa kijivu, nikakausha motoni, nikapaka mafuta ya kupikia na kuyafuta mpaka nikaona kama nimeyamaliza yote, kisha nikaligeuza kifudifudi kwenye oveni ya nyumbani kwa nyuzi 230 saa nzima. Mara tatu. Lilirudi. Tangu siku hiyo chakula kikiiva kinapakuliwa chote, na sufuria linaoshwa kwa maji ya moto, linakaushwa juu ya makaa yaliyobaki, linapakwa mafuta kidogo. Maji baridi usiyamimine likiwa bado la moto, chuma cha namna hii hupasuka.

Anayepika peke yake au wawili achukue la inchi 10, hili langu ni la watu wanane na linachosha mkono. Na hakikisha lina miguu na kifuniko bapa chenye ukingo. Yapo ya kuvutia yenye kifuniko cha mviringo na rangi nzuri, hayo ni ya jikoni, makaa hayakai juu yake.

Wiki hii misitu mingi ya huku imepigwa marufuku ya moto kwa sababu ya ukame, kwa hiyo hatupandi. Mama anataka nimwonyeshe kwa video nitakavyopalia pilau.