CSS Profile: fomu ya msaada wa vyuo vya Marekani, ikijazwa Mwanza

Fomu hii ya mtandaoni ya College Board, shirika la Marekani linaloendesha mtihani wa SAT, hufunguliwa kila Oktoba 1, na vyuo vingi vigumu kuingia huitumia kupima familia inaweza kulipa kiasi gani. Haipimi ufaulu. Wazazi wengi hudhani division one ya kidato cha sita inatosha kumpatia mtoto skolashipu ya Harvard au Yale. Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vinane lenye hivyo viwili, havina skolashipu ya ufaulu. Alama humfungulia mtoto mlango, ada hupunguzwa kwa kutazama kipato cha nyumbani. Skolashipu za ufaulu zipo kwingine, kama Vanderbilt na Duke, lakini ni chache mno.

Bei ya kutuma CSS Profile ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila kinachofuata, hivyo vyuo vitano ni dola 89. Wamarekani wa kipato cha chini husamehewa. Mwombaji wa Igoma au Nyegezi hasamehewi moja kwa moja. Andikia ofisi ya misaada ya kila chuo kabla ya kutuma. Baadhi hutoa namba ya msamaha, na vingine hukubali ISFAA, fomu nyingine ya msaada kwa wanafunzi wa nje, ambayo ni ya bure.

Sifa kubwa ya CSS Profile ni kwamba unajaza kwa shilingi. Chagua sarafu mwanzoni, kisha usichanganye: milioni 6 ikisomwa kama dola, mmeshakuwa matajiri.

Udhaifu wake ni kuwaza zaidi watu wa mshahara. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hupata pesa kipindi cha giza. Mbalamwezi ikiwaka, mzigo hupungua. Mkulima wa pamba wa Kwimba hushika fedha msimu mmoja tu. Kwa hiyo chukua daftari, andika miezi 12, jumlisha, kisha toa gharama. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaandika mauzo badala ya faida. Aliyeuza dagaa wa milioni 30, akaondoa bei ya kununulia, magunia, vibarua na lori, akabaki na milioni 5, kipato chake ni milioni 5. Kuandika sifuri nako ni kujichongea, maana chuo kitauliza ada ya sekondari ililipwa na nani. Kama ni mjomba, mtaje na kiasi anachotoa. Yasiyoingia kwenye visanduku, yaeleze kwenye sehemu ya maelezo ya ziada.

Vielelezo navyo vianze mapema: hati za mshahara, au barua ya mtendaji wa kata kwa asiye na ajira, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wazazi wakiwa wametengana, vyuo vingi hutaka kila mmoja ajaze fomu yake. Baba asiyejulikana alipo huombewa msamaha, na barua ya mwalimu au kiongozi wa dini husaidia.

Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hazitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wa nje wakati wa kuchagua. Kwingi kwingineko, kuomba fedha hupunguza nafasi, na ndiyo maana wapo wanaoficha shida wakitarajia kuomba wakishapokelewa. Huo ni mtego: vyuo vingi havimpi msaada mwanafunzi wa nje ambaye hakuuomba tangu mwanzo.