Kufunga mzigo Pratunam na Platinum, Bangkok: nyota 4, hiyo moja nimejikata mwenyewe

Nimerudi kutoka Bangkok hii wiki ya pili na kila anayeingia dukani akishauliza bei anauliza na huko kukoje, basi ngoja niandike mara moja yaishe. Safari ya tatu hii, nachukua nguo za kike, na mara zote nafikia Pratunam maana ukishuka Suvarnabhumi unapanda treni ya eapoti mpaka Ratchaprarop, unaburuza begi lako kidogo umefika, hamna kulumbana na teksi.

Platinum ni jengo la kiyoyozi pale barabara ya Phetchaburi, ghorofa juu ya ghorofa, vijiduka vimebanana kama vizimba vya Kariakoo ila visafi. Bei ni mbili, pisi moja ni reja reja, ukifika tatu wengi wanakupa ya jumla na unaruhusiwa kuchanganya rangi. Ukivuka kwenda soko lenyewe la Pratunam kuna joto na kusukumana ila bei inapumua kidogo. Wa dazeni dazeni waende soko la Bobae.

Sasa kupatana. Sisi tumezoea unataja nusu, unajifanya unaondoka, unaitwa. Pale ukijifanya unaondoka unaondoka kweli, mwenzio anakusindikiza na tabasamu lake na hakuiti ng'o. Mnaongea kwa kalkuleta, muuzaji kaandika 180, yani baht, hela ya kule, nikafuta nikaandika 120, akacheka kama nimemtania akarudisha 180 yake. Nikaweka pisi nyingine kumi juu ya meza bila kusema kitu, akaandika 160 mwenyewe. Bei kule inashushwa na wingi wa mzigo na sura yako, maneno mengi hayasaidii.

Halafu wahi asubuhi. Siku moja nimefika mtu ndo anafungua, nikalipa, akachukua zile noti akaanza kuzigongagonga kwenye nguo zilizoning'inia, moja baada ya nyingine, duka zima. Nikacheka peke yangu, maana si ndo yale yale ya kwetu ya "nifungulie dada", mteja wa kwanza hatakiwi kutoka mikono mitupu. Akanipunguzia baht kumi kila pisi na sikuomba.

Heshima nayo ni pesa. Aliyekuzidi umri unamwita "phi", mdogo "nong", yani dada mkubwa na mdogo wangu, na ukiwa mwanamke unamalizia sentensi yako na "kha", ukiwa mwanaume "khrap". Hayo maneno tu yamenipa bei ambazo Kiingereza hakikunipa. Kichwa cha mtu usiguse hata kama ni mtoto wa mwenye duka, mguu usiunyooshe kuelekea kitu au mtu, na noti ikipeperushwa na feni usiikanyage kuizuia, ina picha ya mfalme, iache iruke uifuate kwa mkono.

Nyota niliyojikata ni hii. Nilitoa oda ya magauni 120, saizi kubwa, sababu "frii saizi" ya kule ni ya vibinti vyembamba, wateja wangu haiwapiti mabegani. Nikamuuliza dada wa duka, Alhamisi zitakuwa tayari? "Dai kha, dai kha", yani inawezekana. Jumatano nikamuuliza tena kwenye LINE, huko biashara zote wanachatia hapo, akanitumia stika ya kidubu kinainama. Nikalala usingizi. Alhamisi naenda nakuta 70, na ndege yangu Ijumaa.

Nikapandisha sauti. Si matusi, sauti tu ile ya Msimbazi saa saba mchana, lakini korido nzima ilinyamaza, watu wakaangalia chini, na yule dada akaendelea kutabasamu huku macho yamemjaa machozi. Baada ya hapo hakuna aliyenihudumia kwenye ule mstari, hata jirani yake niliyekuwa nimeshamlipa kianzio alinipa mzigo wangu bila kuniangalia. Mama mmoja Mkongo wa Lubumbashi ndo akanivuta pembeni, akaniambia dada, hapa aliyepaza sauti ndo aliyekosa, hata kama haki ni yake.

Na yeye ndo akanifundisha kuuliza. Wana kitu wanaita kreng jai, kama mgeni anayeulizwa umeshiba akajibu nimeshiba na njaa inamuuma, hataki kukusumbua. Kwa hiyo ukiuliza "itawezekana?" utajibiwa ndiyo hata na asiye na kitambaa. Uliza "mpaka Jumatano zitakuwa ngapi?" hapo inatoka namba, na namba ndo unayoipangia safari.

Kesho yake asubuhi kabla ya eapoti nikarudi na mfuko wa matunda, nikatoa kwa mikono miwili, nikaomba radhi. Akapokea kwa mikono miwili pia, na zile 50 zilizobaki akazituma kwa kago baada ya siku tisa, zimefika zote, mishono safi.

Angalizo la risiti, yangu imeandikwa mwaka 2567. Wakala wangu hapa Dar kanipigia simu anadhani nimeghushi, ikabidi nimweleze kuwa Wathai wanahesabu kwa kalenda ya Kibuddha, toa 543 unapata 2024. Omba wakuandikie ya kwetu pembeni. Na msiende katikati ya Aprili, tarehe 13 mpaka 15 ni Songkran, mwaka wao mpya wa jadi, mtamwagiwa maji barabarani na maduka mengi mtayakuta yamefungwa.

Jana yule dada kanitumia picha za mzigo mpya, nikamjibu kwa utani kuwa wateja wangu wamenenepa zaidi, akaandika "5555". Nikashtuka nikadhani ndo bei, kumbe tano kwao inatamkwa "haa", ni kicheko tu. Nikamuuliza XL mpaka mwezi ujao zitakuwa ngapi. Kaandika 45.