Dawa ya Vidonda vya Mdomoni: Mnaisugua, Ndiyo Maana Haishiki

Assalaam alaykum, karibuni tena barazani. Leo mkiniona nasema nimebana mdomo, mnisamehe. Ninavyo vidonda viwili. Kimoja hiki hapa, ndani ya mdomo wa chini, chengine shavuni upande wa kulia. Toka juzi. Na wallahi nilikuwa navisubiri, kwa sababu kitu ninachotaka kukuonesheni hakioneshwi kwenye mdomo mzima.

Tizama. Tyubu ndogo, gramu 5. Triamsinoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, asilimia 0.1, ile ya kupaka mdomoni. Sitosoma boksi lote, kila mwenye maradhi haya ameshaiona kwenye duka la dawa. Hebu hakikisheni tu ni ya mdomoni, maana ipo ya ngozi yenye jina hilo hilo, na hiyo si ya kutia kinywani.

Mimi dawa hii niliichukia. Mwaka mzima nanunua, napaka, inatoka, naitupa. Nikawaambia watu haina kazi. Kumbe aliyeniuzia hakunambia neno moja la maana, alitia kwenye mfuko akachukua pesa zake, na karatasi ya ndani herufi zake kama mayai ya chungu. Neno lenyewe ni hili: HAISUGULIWI.

Leta kamera karibu. Karibu zaidi. Naanza na hiki cha shavuni, nafanya vile nilivyokuwa nikifanya zamani. Nakamua, natia kidoleni, nasugua kama napaka mafuta ya ngozi. Mnaona? Imeanza kuchambuka. Imekuwa chenga chenga. Ulimini naisikia kama mtu aliyekula dagaa hawakuoshwa mchanga. Na kidonda kinawaka moto, kwa sababu nimekikwaruza. Dakika mbili tatu yote nitakuwa nimeshaimeza.

Sasa hiki cha mdomo wa chini. Nimeshasukutua maji ya uvuguvugu. Navuta mdomo hivi, nachukua kijiti cha pamba, nakausha mate. Nagusa tu, siparuzi. Dawa yenyewe kiasi gani? Tizama kidoleni: kama punje ya mchele, basi. Naiweka juu ya kidonda, naibandika. Nabonyeza kidogo, naachia. Nabonyeza, naachia. Sivuti huku wala kule. Mnaona inavyobadilika? Inakuwa laini, inateleza, kama ute wa bamia. Huo ndio utando. Hapo unatoa kidole, unaacha mdomo wazi kidogo, huli, hunywi. Nitaiacha hapo na tutaitizama mwisho.

Ule utando unatokana na unga uliochanganywa na dawa, mara nyingi pektini, selulosi na jelatini, unaofyonza mate ukavimba ukang'ang'ania. Ndiyo, jelatini, najua mtaniuliza. Inategemea kiwanda imeitoa kwa mnyama gani, kwa hivyo muulizeni mfamasia kabla hamjalipa, ni haki yenu.

Wakati wake ni baada ya chakula na usiku unapolala. Ukiweza mara moja tu kwa siku, iwe ya usiku, ikae na kidonda mpaka asubuhi. Ramadhani mimi napaka baada ya futari, nikilala, na baada ya daku, mchana siigusi. Na anzeni mapema, pale panapoanza kuwasha na kuchoma kabla hata tundu halijafunguka. Ukingoja mpaka kimekuwa cheupe katikati na pete nyekundu, itakusaidia lakini umeshachelewa.

Wapinzani wake. Jeli ya ganzi: nzuri ukitaka kula, inakufisha ganzi dakika chache, halafu maumivu yanarudi kama yalivyo. Ndimu na chumvi, jamani, nani alianzisha mateso haya? Maji ya chumvi peke yake yanatosha, nusu kijiko cha chai kwenye glasi. Na mafuta ya karafuu. Jirani yangu wa Wete kila akiniona ananiletea kichupa. Karafuu ni heshima yetu, jino likiuma sibishani naye, lakini mafuta yale makali juu ya kidonda kibichi yanaunguza nyama. Nimejaribu, nililia. Kwa habari hiyo, wiki ijayo inshallah navuka Pemba kurikodi mchumo wa karafuu, kwa hivyo asiyejiandikisha kwenye chaneli ajiandikishe, mtaona mengi.

Bei. Nimeipata shilingi 9,000 duka moja, duka la pili tyubu ile ile 13,000, hatua chache tu kutoka soko la Darajani. Ulizeni kwanza.

Sasa nikwambieni ambacho haifanyi. Haizuii visirudi. Ni dawa ya kutuliza uvimbe, basi. Vile vidogo, chini ya sentimita 1, vinapona vyenyewe kwa wiki moja mpaka mbili, hii inakupunguzia maumivu na siku. Mimi kilichopunguza kurudi ni kubadilisha dawa ya meno. Zile zenye povu jingi mara nyingi zina kemikali ya kutoa povu, sodiamu laurili salfeti, na baadhi yetu inatuchokoza. Na nilipimwa damu, nikaonekana nina upungufu wa madini ya chuma. Mwenye kutokwa na vidonda hivi kila mwezi akapime chuma, asidi ya foliki na vitamini B12, asikae anahesabu tyubu. Urojo siujaacha, ila vikitoka nauomba bila ya ndimu na pilipili.

Na hivi haviambukizi! Nasema kwa sauti kwa sababu shangazi yangu alinitengea kikombe, nikanywa chai peke yangu miezi na miezi ndani ya nyumba ya watu wanane. Vinavyoambukiza ni vile vya malengelenge, vinavyotoka kwa nje kwenye ukingo wa mdomo, na hivyo dawa hii MSIVIPAKE, vitazidi. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda ulimini, hiyo fangasi, acha dawa uende kwa daktari. Mtoto mdogo na mja mzito waulize kwanza.

Siku saba hujaona nafuu, nenda. Kidonda kimoja kisichopona wiki tatu, hata kama hakiumi, nenda siku hiyo hiyo. Khasa wazee wetu wanaokula tambuu na tumbaku. Bibi, kama unanisikiliza, na shavu limekuwa gumu, mwambie mjukuu akupeleke hospitali ya Mnazi Mmoja wakalitizame. Saratani ya mdomo huanza kimya kimya hivyo hivyo.

Haya, adhana inakaribia. Kamera, njoo. Nimesema na nyinyi muda wote huu, mdomo haukutulia. Navuta... tizameni. Cha shavuni hakina kitu, kitupu, na kinauma. Hiki cha chini, mnauona ule utando? Unang'aa. Haujasogea.